Okapi wetu katika baridi ya Ulaya



Dada yangu na shemeji wanaishi Ubelgiji. Mwezi wa kwanza, baridi ikiwa kali, walipanda treni mpaka Antwerpen. Bustani ya wanyama iko palepale kando ya stesheni kuu, tangu 1843. Nje pumzi zao zilitoka kama moshi. Ndani ya nyumba yenye joto wakamkuta okapi: miguu ina mistari kama ya punda milia, lakini ndugu yake hasa ni twiga.

Shemeji ni mtu wa Ituri. Alinyamaza kabisa. Okapi wa porini yuko Kongo tu, na kwao alimjua kwa masimulizi ya wazee. Mwaka 2012 wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu. Watu waliuawa, na okapi 14 wakafa.

Niliposoma barua yao darasani, mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, na yeye ni mkimbizi?" Nikamjibu, wengi wa kule wamezaliwa kulekule, msitu hawaujui. Kama ninyi mliozaliwa hapa kambini.

Basi wazazi, jioni wasimulieni watoto mito, msitu na majina ya wanyama. Hiyo haihitaji tiketi.