Mapera: Nyekundu Siyo Moja

Jina lisikudanganye, mpenzi msomaji. Ukifika Mapera, wilayani Mbinga, mwezi wa Julai hivi, kinachoiva siyo mapera bali kahawa. Songea hadi Mbinga mjini ni lami, kama kilomita mia moja. Baada ya hapo ni bodaboda, vumbi, kona, na milima ya Wamatengo iliyochimbwa ngolo kuanzia chini hadi juu, utadhani sega la nyuki. Kijana wa Sinza utashika kiti kwa mikono miwili!

Cha kuona huko ni rangi. Mama mmoja mwenye shamba alinipangia matunda manne ya kahawa kiganjani: moja lina uchungwa-chungwa, la pili jekundu la kung'aa, la tatu damu ya mzee, la nne karibu jeusi. "Hii bado, mwanangu. Hii sasa. Hii wahi. Hii imekufa." Ukichanganya zote kikapu kimoja, bei inaporomoka. Kwa hiyo jicho lake halina mchezo.

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya Mark Rothko wa Marekani, "Black on Maroon" ya mwaka 1958. Turubai zima ni damu ya mzee na weusi juu yake, basi. Akaitazama kimya, muda mrefu. "Huyu alichelewa kuchuma," akasema.

Jamani! Mjini watu huuliza, "Sasa hapo kachora nini?" Sisi tumezoea za Edward Tingatinga, mtoto wa Tunduru, mkoa huuhuu: chui, ndege, rangi zinawaka. Rothko kamtoa chui, kabakiza rangi. Alizipaka nyepesi, tabaka juu ya tabaka, akataka mtu asimame karibu kabisa hadi zimmeze. Picha hizo aliagizwa kwa ajili ya mgahawa mmoja wa matajiri New York. Alipokwenda kula pale mwaka 1959 akaona hapana, akarudisha pesa. Tisa akazipa jumba la Tate, London. Zilifika Februari 25, 1970, siku ileile alipokutwa amejiua. Nadhani ule weusi ulishasema mapema.

Ukipata nafasi teremka hadi Mbamba Bay. Jua linazama upande wa Malawi, na Ziwa Nyasa linapita nyekundu zote nne kabla ya giza. Beba sweta, Mbinga Julai ni baridi kweli.