Sheria za Amri Bondeni Kilombero

Wapenzi wa ushairi mlioko visiwani mtaniwia radhi nikikumbusha kwamba aliyetuandikia sheria za mashairi hakuzaliwa pwani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mubashiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo masheikh wengi wa pwani hawakuikubali. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954. Mwaka huo huo, tarehe 7 Julai, ikazaliwa TANU, chama alichokitumikia hadi uhuru na baada yake.

Mimi nasomesha Kiswahili hapa Ifakara, katika bonde la mpunga na mafuriko. Kumpinga mkoloni si habari ngeni huku. Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, Wambunga na Wapogoro waliiendea ngome ya Wajerumani Mahenge, wakiiamini dawa ya maji, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Nusu karne baadaye wajukuu wao walidai nchi kwa silaha nyingine: kadi ya chama, mkutano wa hadhara, na lugha moja waliyoelewana kwayo Mndamba wa Kilombero na Mmanyema wa Ujiji.

Silaha hiyo ndiyo Amri aliyoinoa. Alifundisha kwamba mshororo una mizani 16, nane huku na nane huku. Kwamba vina havivunjwi. Na kwamba utungo usioimbika si shairi. Wako waliomwona mkali mno. Mimi naona kwamba, kwa watu walioambiwa na mkoloni kuwa hawana elimu wala utaratibu, kuonyeshwa kuwa lugha yao ina sheria zake kulikuwa hoja ya uhuru. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mwaka 1963, Waziri wa Sheria. Mtunzi wa sheria za vina akakabidhiwa sheria za nchi.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi wa Kindamba, aliniuliza: "Mwalimu, mashairi si mambo ya Waswahili wa pwani?" Nikampa kitabu cha Amri, nikamwambia mwenyewe katoka wapi. Juma lililofuata akaniletea mshororo wake: "Kilombero mto wetu, maji yako hayaishi." Tukauhesabu kwa vidole. Nane kwa nane, haukupungua wala kuzidi.

Amri alifariki Bonn, Ujerumani, Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake, na wengi wanaoingia humo kushangilia hawajui kuwa mwenye jina alikuwa mshairi. Walimu wenzangu wa bara na visiwani, tumsomeshe Amri mzima: sheikh, mwanasiasa na mtunzi. Akitajwa kwa moja tu, vijana wetu wataendelea kudhani kwamba ushairi una kabila, na uhuru ulipatikana bila ya kalamu. Mwenyezi Mungu amrehemu.