Hakuna Nusu Dereva

Wasee wa Form 3 hapa Eastlands, hii ni yenu. Kuna hesabu ya kemia inaenda hivi: protini ina chuma asilimia fulani, tafuta uzito wake wa chini kabisa. Wengi wanakremu njia, wanagawanya, wanapiga mstari, wanasonga. Hawaulizi hilo neno "chini kabisa" limefuata nini hapo. Na mimi naona ndilo swali lenyewe.

Chukua hemoglobini, ile kitu inafanya damu iwe nyekundu. Chuma ndani yake ni karibu asilimia 0.34. Atomu moja ya chuma ina uzito wa 56 hivi, na huwezi kuwa na nusu atomu. Kama molekuli ina chuma, basi ina angalau atomu moja nzima. Kwa hivyo 56 × 100 ÷ 0.34, unapata karibu 16,500.

Sasa fikiria steji ya matatu pale Donholm. Mtu anakuambia madereva ni asilimia 5 ya watu wote walio kwenye magari. Hakuna nusu dereva (ingawa wengine huendesha ni kama wako nusu), so hao watu hawawezi kuwa chini ya 20. Lakini wanaweza kuwa 40, 60, hata 80, na asilimia ibaki tu 5. Asilimia haikuambii magari ni mangapi.

Hemoglobini ni hivyo hivyo. Mwaka wa 1925, Gilbert Adair wa Cambridge aliipima kwa njia nyingine kabisa, presha ya osmosisi. Ndiyo, osmosisi ile ile ya viazi kwenye maabara ya bio. Akapata uzito kama mara nne ya ile 16,500. Kumbe atomu za chuma ni nne! Na hizo nne husaidiana: moja ikishashika oksijeni, zingine zinashika kwa urahisi zaidi.

Ile ya atomu moja pia iko. Inaitwa mayoglobini, iko kwenye misuli, ndiyo inaipa nyama ya ng'ombe pale buchari rangi nyekundu. Uzito wake ni karibu 17,000 na asilimia yake ya chuma inakaribiana sana na ya hemoglobini. Lakini kazi ni tofauti. Mayoglobini hung'ang'ania oksijeni, haiachilii haraka, na damu inahitaji kitu kinachobeba na kushusha kama makanga.

Ndiyo maana maswali ya mole huongeza kamstari kadogo mwishoni: uzito wa molekuli ni 60, ama 180. Usikaruke. Asidi ya ile vinega tunamwagia chipo ni 60, glukosi ni 180, na zote mbili zina kaboni asilimia 40, haidrojeni 6.7 na oksijeni 53.3.