Aliyeulizwa ni Mama

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako nawe yumo mtu ambaye maradhi yake hayaponi, wala hayamuui leo. Huamka nayo, huenda nayo kazini, hulala nayo. Kwangu mimi mtu huyo ni mama yangu mzazi, na maradhi yenyewe ni kisukari, ambacho sisi wa mjini tumezoea kukiita sukari tu. Napenda nikusimulie jinsi nilivyomuuguza vibaya kwa nia njema kabisa, na jinsi nilivyokuja kufunzwa na fundi cherehani.

Mama alihamia kwangu Temeke miaka 4 iliyopita, baada ya kuanzishiwa sindano za insulini. Hospitalini tulikabidhiwa karatasi ya makatazo, tukaagizwa turudi baada ya miezi 3. Mimi, mtu wa kalamu na karatasi, niliibandika ile karatasi kwenye ukuta wa jikoni, nikajitawaza kuwa askari wake. Nilipiga marufuku sukari nyumbani mwangu. Tulikunywa chai kavu sote, wakubwa kwa watoto. Soda ikawa haramu. Mke wangu nilimwagiza ampakulie mama ugali usiozidi ngumi moja, nami nilikuwa nikiikagua sahani kabla haijafika mbele yake. Mama hakulalamika. Alipunguza maneno, basi, nami nikadhani ule ni utii.

Asubuhi moja alijidunga sindano yake kama kawaida. Kumbe gesi ilikuwa imekwisha, na chakula kikachelewa. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, mikono inamtetemeka, na maneno yake hayana kichwa wala miguu. Nikadhani ni malaria, nikaanza kuhangaika kutafuta gari. Jirani yetu aliyesikia kelele aliingia, akamtazama mama mara moja tu, akaniuliza: "Sukari iko wapi?"

Ndugu msomaji, katika nyumba yangu hapakuwa na sukari hata kijiko kimoja. Nilikuwa nimeitupa mwenyewe.

Jirani alikimbilia dukani, akarudi na chupa ya soda. Alihakikisha kwanza kwamba mama anaweza kumeza, kisha akamnywesha funda kwa funda. Ikapita kama robo saa, mama akaniita kwa jina langu na kuniuliza mbona nimevaa kiatu kimoja. Ndipo nilipofahamu kuwa mgonjwa wa sukari anayetumia insulini anaweza kuuawa na upungufu wa sukari upesi kuliko anavyouawa na wingi wake. Vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji vingetosha kuanzia. Jambo hilo halikuwamo katika karatasi yangu ya ukutani. Au lilikuwamo, nami sikulisoma kwa kuwa macho yangu yalikuwa yakitafuta makatazo.

Jirani yule anaishi na kisukari mwaka wa 14 sasa, na ndiye fundi cherehani niliyemtaja. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kila Jumamosi alasiri yeye na wenzake hukutana katika darasa la shule ya msingi, kwa muda wa wiki 6, na kwamba nafasi ya mama ipo.

Nilimsindikiza mama nikitarajia hotuba. Nilikuta watu 12 wameketi kwa duara juu ya madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Viongozi walikuwa wawili: fundi wetu, na mzee mmoja mstaafu wa reli mwenye shinikizo la damu. Daktari hakuwapo. Muuguzi wa zahanati hupitia mafunzo yao na hufika Jumamosi moja moja kujibu maswali ya dawa, lakini mengine yote huendeshwa na wagonjwa wenyewe.

Kila mmoja aliulizwa jambo analotaka kulifanya wiki ile. Angalia neno hilo: analotaka. Kijana mmoja dereva wa daladala akasema atafanya mazoezi. Mzee wa reli hakumwachia. Mazoezi gani? Kiasi gani? Saa ngapi? Siku ngapi? Wakavutana hadi ikawa kwamba kijana atashuka kituo kimoja kabla ya kwake jioni, siku 3, atembee. Kisha akaulizwa ana hakika kiasi gani kuwa atalitimiza, kuanzia 0 hadi 10. Aliye chini ya 7 hupunguza mzigo au hutafuta kinachomzuia.

Zamu ya mama ilipofika, nilijibu mimi. Nilisema mama anataka kuacha wanga.

"Mwanangu," akasema fundi kwa upole, "aliyeulizwa ni mama."

Kimya kikapita. Mama akatazama mikono yake, halafu akasema: "Nataka kujipakulia chakula changu mwenyewe. Cha jioni. Siku 5."

"Una hakika kiasi gani, mama?"

"Nne."

"Nini kinakuzuia?"

Mama akanionyesha kwa kidole. "Huyu."

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Lakini nakuungamia kwamba usiku ule sikupata usingizi. Mwanamke aliyelea watoto 5 kwa jembe lake alikuwa ameomba, mbele ya wageni, ruhusa ya kushika upawa. Niliahidi palepale kutotia mkono, na alipoulizwa tena akasema nane.

Kwa desturi ya kazi yangu, nilipekua kutaka kujua jambo hili limeanzia wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko California, muuguzi mmoja aitwaye Kate Lorig, katika Chuo Kikuu cha Stanford, alianzisha kozi ya watu wenye maradhi ya viungo, ikiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Watafiti walitarajia kuwa anayefanya mazoezi zaidi ndiye atakayepata nafuu zaidi. Walipopima, uhusiano huo ukaonekana hafifu. Nafuu iliambatana zaidi na mgonjwa kuamini kwamba anaweza kufanya jambo fulani juu ya ugonjwa wake. Baadaye waliwachanganya chumba kimoja wagonjwa wa moyo, mapafu, kiharusi na viungo, kwa hoja kwamba uchovu, hofu na maumivu havitofautiani sana. Taarifa yao ya mwaka 1999 ilihusu watu 952. Baada ya miezi 6, waliohudhuria walifanya mazoezi zaidi, walijiona na afya bora zaidi, na walilazwa hospitalini siku chache kuliko wale waliokuwa bado wakingoja zamu yao.

Nilimsomea mama habari hizo kwa fahari ya mtu aliyevumbua kitu. Alinisikiliza, kisha akasema jambo hilo kwao lilikuwapo. Mwaka 1973, alipokuwa msichana kijijini, kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu waliketi kwa makundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi wa kundi, mwanakijiji kama wao, akawauliza: sisi hapa tutafanya nini? Wakaenda wakachimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 nchini walishiriki katika makundi hayo. Adui wa siku zile walikuwa malaria, kichocho na kuhara. Leo wamezidi wengine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa miongoni mwa Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari, na 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la damu. Hawa hawachimbiwi choo wakaondoka.

Piga hesabu nami. Mama humwona daktari mara 4 kwa mwaka, kama dakika 10 kila mara. Jumla ni dakika 40. Mwaka una saa 8,760. Saa zote zilizobaki daktari wa mama ni mama.

Na katika saa hizo ndimo maswali halisi yaliposhughulikiwa. Umeme ukikatika, insulini itawekwa wapi? Mwanamke mmoja asiye na jokofu alikuja na vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa maji katikati, na kichupa cha dawa ndani kikiwa katika chombo kikavu kilichofunikwa. Maji yanapokauka taratibu hupoza chungu. Yule dereva alieleza kuwa hawezi kula kwa saa zilizoandikwa, kwani foleni haina saa. Wenzake wakamsaidia kupanga maneno ya kumweleza daktari, amuulize kama dawa yake yaweza kupangwa upya. Na je, shughulini, mwenyeji anaposimama na sinia la pilau akikusihi? Swali hilo lilichukua karibu Jumamosi nzima, na sidhani kama lilipatiwa jibu. Kila mtu aliondoka na uongo wake wa adabu.

Walifunzana pia kukagua nyayo kila jioni, kwa kioo ikibidi, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hauoni msumari. Mama humwita mjukuu wake ampigie tochi.

Yapo yanayonitia wasiwasi. Katika wiki ya tatu alikuja bwana mmoja na chupa za dawa ya "kumaliza sukari kabisa", na wawili walikuwa wamekwisha kutoa fedha kabla mzee wa reli hajamsindikiza mlangoni. Mahali penye wagonjwa wengi hapakosi mchuuzi. Tena nachelea wakubwa wasije wakalipenda neno kujitegemea kupita kiasi, wakasema kwa kuwa wagonjwa wamejifunza, basi dawa na vipimo vyaweza kungoja. Vijikaratasi vya kupimia sukari vina bei, na duara la madawati halivitoi. Mama amejifunza kuisoma sukari yake. Asipokuwa na cha kupimia, atasoma nini?

Wiki 6 zilikwisha. Sukari ya mama haikuisha, wala hakuna aliyeahidi hivyo. Siku nyingine hupanda hata akachukia, siku nyingine hutulia. Sasa huniambia namba yake yeye mwenyewe bila kuulizwa, jambo ambalo enzi za ukaguzi wangu hakulifanya hata mara moja.

Jumapili iliyopita alijipakulia wali. Kwa macho yangu ulikuwa mwingi. Nilifumbua kinywa, nikakifumba, nikainamia sahani yangu. Ile karatasi ya ukutani aliibandua yeye. Kopo la sukari limerudi, lipo rafu ya chini ambapo hata mtoto mdogo hulifikia, na wanangu wote wawili wanajua vijiko 3 ni vya nini.