Kadi Iliyokaa kwenye Droo

Nyumbani kwetu Kitaji hakuna aliyewahi kuwa na kadi ya mkopo. Lakini kwa miezi mitano kadi moja ilitutawala sote: kadi ya mshahara ya kaka yangu, mwalimu huko Butiama, iliyokaa kwenye droo ya mkopeshaji mmoja pamoja na namba yake ya siri.

Walimu wengi wanaijua biashara hii. Kaka alikopa shilingi 300,000 amalizie kupaua nyumba, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mshahara ulipoingia, mkopeshaji alitoa 60,000 zake kwanza, kaka akapewa zilizobaki. Kaka aliamini analipa deni, kumbe analipa riba tu. Mwezi wa tano ulipoisha alikuwa ametoa 300,000, na bado alidaiwa 300,000 zilezile.

Wenye kadi za mkopo nao hunaswa hivyohivyo. Benki huwaruhusu kulipa kiasi kidogo cha chini kila mwezi. Anayeishia hapo, deni lake halipungui kwa maana huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Anayelipa salio lote kabla ya tarehe, kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi yake.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni la kaka, hiyo ingekuwa 10,500. Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye simu. Alinyamaza muda mrefu.

Aliyetutoa ni mama. Mama anauza dagaa wa Mwigobero, anawapeleka hadi Bunda. Hakopi kabla hajaangalia mwezi. Usiku wa giza, taa za wavuvi huvuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hulala. Kwa hiyo hukopa giza linapoanza, na hukubali tu marejesho yanayoangukia siku za mauzo. Swali lake ni moja: "Hela ipi italipa?"

Kaka alipomweleza, hakumgombeza. Alimuuliza hilohilo, kisha wakaandika kwenye daftari: mshahara, chakula, nauli, ada ya mtoto. Ilionekana 110,000 zingeweza kutoka kila mwezi bila watoto kulala njaa. Jumamosi mama alikwenda kwenye kikoba chake akakopa 300,000, arejeshe 330,000 kwa miezi mitatu. Alikopa kwa jina lake, mbele ya wanawake aliokaa nao miaka mingi. Kaka angekwama, mama ndiye angeinamisha kichwa.

Jumatatu deni lililipwa lote, kwa hati ya maandishi. Kadi ikarudi, na siku hiyohiyo kaka akabadilisha namba ya siri.

Nyumba haijakamilika. Upande mmoja bado una turubai, na mwezi wa pili kaka aliuza redio ili rejesho litimie. Lakini la tatu lilifika siku mbili kabla ya kikao. Siku hizi mshahara ukiingia, hupanga foleni mwenyewe kwenye mashine ya kutolea fedha, na hutupigia simu kulalamika kwamba foleni ni ndefu.