Mapenzi ya Kwayani

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Katika Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, kikohozi hicho aghalabu husikika kwanza kwenye mazoezi ya kwaya.

Msikilizaji wa taarabu wa Unguja hatalistaajabia jambo hili. Anajua jinsi mtu anavyonyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, na ubeti mmoja ukafikisha salamu ambazo mdomo wake usingethubutu kuzitamka. Kwaya ya kijijini haina mafumbo hayo; nyimbo zake ni za Mungu. Lakini ina jioni za mazoezi, na ina njia ya kurudia nyumbani katikati ya migomba. Soprano hujifunza kumngoja teno. Besi hujua ni wapi alto huvuta pumzi. Wazazi wasiopenda binti yao asimame njiani na kijana humruhusu asimame naye mbele ya madhabahu akiimba. Baadaye huja mshenga, na majina mawili yakatangazwa kanisani.

Mwandishi Thomas Hardy wa Uingereza aliyajua haya. Babu yake na baba yake walipiga ala katika kanisa la Stinsford, na kundi lao lilivunjika kabla yeye hajafikia umri wa kulikumbuka. Katika riwaya yake ya mwaka 1872, Under the Greenwood Tree, wapiga fidla wa Mellstock wanazunguka kijiji usiku wa kuamkia Krismasi. Mwalimu mpya, Fancy Day, anatokea dirishani, na kijana Dick Dewy anatekwa moyo. Lakini mzee mmoja wa kanisa, ambaye naye anamtaka Fancy, anashikilia kwamba binti huyo apige kinanda. Kasisi anakubali, na moyo wake mwenyewe haumo salama. Kinanda kinaingia, wazee wanashuka. Dick anamwoa yule yule aliyekalia nafasi ya baba na babu yake. Mapenzi yaliyozaliwa na muziki ndiyo yaliyouzika.

Kagera ina muziki mkongwe kuliko kanisa. Profesa M. M. Mulokozi alizitafiti tendi za nanga za Bahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe. Mpiga nanga mmoja, na nyuzi zake, aliweza kuukesha umati. Kwaya ni kinyume chake: wimbo haukamiliki mpaka wote wafike. Kungojana huko ndiko kunakowafundisha vijana subira, staha na kumsikiliza mwenzi kabla ya kuinua sauti.

Leo kinanda cha umeme kinakuja na midundo iliyokwisha kupangwa, na kidole kimoja chatosha kuianzisha. Si kosa la kinanda. Ila kijana ambaye sauti yake haihitajiki tena hana sababu ya kupita njia ya migomba jioni.