Usukani wa Hilux ya Mzee

Jumanne, 4 Juni 2024
Mzee wa Matombo kaleta Hilux yake ya zamani, ile ya ekseli nzima mbele na springi za majani. Alizinyanyua springi apate kuvuka makorongo ya shambani, na tangu hapo gari halishikiki. Akikanyaga breki linavuta upande. Akipanda tuta usukani unamzunguka mkononi. Gereji alikoanzia wamembadilishia bolijointi zote. Nimezitikisa moja moja, hazina mchezo. Kalipa bure, na inaniuma.

Shida ni fimbo itokayo kwenye stelingi boksi. Imelala sambamba na chasisi, husukuma na kuvuta mkono wa gurudumu. Springi ikibonyea, ekseli hupanda na fimbo huusukuma mkono ule kana kwamba dereva kakata kona. Sasa springi zimeinuka, fimbo imesimama mshazari zaidi, na kosa limekua.

Ijumaa, 7 Juni
Tumefunga stelingi boksi ya Hilux za baadaye, ambayo mkono wake huyumba kushoto na kulia. Fimbo sasa inakatiza gari mpaka gurudumu la upande wa pili. Chasisi tumeitilia bamba nene kabla ya kufunga boksi, maana pale ndipo hupasuka. Kijana wa gereji alitaka tuunge fimbo mbili kwa kuchomelea ili tuokoe pesa. Nimekataa. Ikikatika kwenye mteremko, hakuna breki itakayomrudisha mtu barabarani.

Jumatatu, 10 Juni
Alaimenti. Gurudumu juu ya jeki, nikalizungusha huku ncha ya msumari ikichora mstari katikati ya tairi. Kisha la pili. Gari chini, tepu mbele na nyuma kwa kimo cha habu. Mbele palizidi milimita 9: tairi zinaachana. Nimezungusha tairodi mpaka mbele pakapungua milimita 2.

Usukani ulikaa kombo. Huo hunyooshwa kwa fimbo ndefu, boksi likiwa katikati kamili, si kwa kung'oa usukani na kuurudishia meno mengine. Chini ya springi nimeweka kabari za digrii 2, kwa sababu ekseli ililala na usukani haukuwa ukijirudi baada ya kona.

Alhamisi, 13 Juni
Barabara ya Dodoma, mzee mwenyewe akiendesha. Kwenye matuta usukani ulitulia. Breki ya ghafla, gari likasimama limenyooka. Kacheka kwa sauti. Nimemwambia arudi wiki ijayo tukaze upya yuboliti za springi na tupime tena tairi za mbele.